Beni: Tarumbeta Katika Miji ya Pwani

Mazungumzo ya leo yahusu kitu ambacho masikio yenu yamekizoea, bali historia yake haifundishwi sana. Kitu hicho ni beni. Neno lenyewe halina fumbo. Ni neno la Kiingereza la kuita kundi la wapiga tarumbeta na ngoma, nalo lilipoingia katika ulimi wetu likapata irabu ya mwisho, kama ilivyo desturi ya lugha yetu. Baadaye neno lile lile liliingia mara ya pili kwa mlango mwingine, likawa "bendi". Kwa hiyo Kiswahili kina maneno mawili yaliyozaliwa na mama mmoja. Bendi ni wapigaji wa muziki wowote, lakini beni ilikuwa zaidi ya wapigaji: ilikuwa chama chenye wakubwa na wadogo, sare, hazina, marafiki, na wapinzani.

Wako waliosema, Wazungu kwa Waafrika, ya kuwa beni ilikuwa mchezo wa kuiga tu: mtu wa pwani amemwona askari wa Kizungu akitembea kwa hatua, naye akavaa suruali akamfuatisha. Maneno hayo yamesemwa mara nyingi hata yakaonekana kama kweli. Mimi sikubaliani nayo, na nitaeleza sababu. Lakini kwanza yafaa turudi nyuma, kabla tarumbeta la kwanza la Kizungu halijapigwa Mvita.

Pwani haikuwa kimya. Mji wa Lamu ulikuwa na siwa ya shaba, na mji wa Pate ulikuwa na siwa ya pembe ya ndovu, nazo zimehifadhiwa hata leo. Siwa ni baragumu kubwa lenye tundu la kupulizia ubavuni, na ile ya Pate yapita urefu wa mtu mzima. Haikuwa chombo cha kuchezea. Ilikuwa alama ya enzi ya mji, ikipigwa kwa mambo makuu, na katika arusi na sherehe za waungwana waliokuwa na haki ya kupigiwa. Mtumwa hakupigiwa siwa siku ya arusi yake, wala mgeni asiye na nasaba. Lishikeni jambo hili, maana tutalihitaji mbele: katika pwani ya zamani sauti ya shaba ilikuwa na wenyewe.

Wala mashindano hayakuletwa na Wazungu. Lamu ina pande mbili, Mkomani kaskazini na Langoni kusini, na pande hizo zimeshindana tangu kale kwa ngoma, kwa nyimbo, na kwa karamu. Mvita nako, Muyaka bin Haji, aliyeishi mpaka karibu mwaka wa 1840, alijibizana kwa mashairi na watu wa Lamu, na beti zake zilichoma kuliko mkuki. Watu wa pwani walijua tangu zamani kupigana vita ambavyo hakuna afaye ndani yake.

Basi ala za Kizungu zilifikaje? Zilifika kwa njia kadha. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka wa 1870 mpaka 1888, alikuwa na bendi yake, na wapigaji wake walikuwa Wagoa, watu wa Goa katika Bara Hindi, ambao kwao Wareno walikwisha fundisha muziki wa Kizungu kwa muda wa miaka mingi. Wenyeji wa Unguja waliisikia bendi hiyo mbele ya jumba la Sultani. Manowari za Kiingereza nazo zilitia nanga bandarini, na mabaharia waliposhuka pwani kwa gwaride, watoto waliwafuata mpaka mwisho wa njia. Lakini kwa Mombasa njia iliyo kubwa ilikuwa nyingine, nayo yastahili kuelezwa kwa kirefu zaidi, kwa sababu ndani yake mna jambo la ajabu.

Mwaka wa 1873 Sayyid Barghash, akisukumwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja na kukataza watumwa wasichukuliwe kwa bahari. Sir Bartle Frere ndiye aliyetumwa na Serikali ya Uingereza kuja kuudai mkataba ule. Baada ya hapo manowari zilipokamata majahazi yenye watumwa, lilizuka swali: watu hawa waliookolewa wapelekwe wapi? Wengi hawakujua tena njia ya kwao, na wengine walikuwa watoto wadogo waliosahau hata jina la kijiji chao. Ndipo Wamisionari wa Church Missionary Society walipopata ardhi Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na mwaka wa 1875 kikaanza kijiji kilichoitwa Freretown kwa jina la bwana yule. Waliotangulia kusaidia kazi ile walikuwa Waafrika walioitwa Wabombei. Hawa nao walikuwa wamekamatwa wangali wadogo, wakaokolewa baharini, wakalelewa na kusomeshwa Nasik karibu na Bombay, kisha wakarudi Afrika wakiwa watu wazima wenye elimu na ufundi. Kengele ya Freretown ilitundikwa juu ya mnara mdogo, na mahali pale paitwa Kengeleni hata leo.

Watu wa Freretown walifundishwa kusoma na kuandika, useremala, uashi, na kuimba kwa noti. Walikuwa pia na bendi. Sasa fikirini hali yao. Waungwana wa Mvita waliwahesabu kuwa si kitu: watu wasio na ukoo, mateka, tena wa dini nyingine. Mtu wa Freretown asingeweza kuozwa binti wa mji wala kukaa barazani pamoja na wakubwa. Lakini walijua jambo moja ambalo muungwana hakulijua: walijua kulipuliza tarumbeta likatoa wimbo mzima. Ikawa vijana wa mji, wana wa watu wenye majina, wakatamani ujuzi wa wale waliodharauliwa na baba zao.

Hapa niwaeleze kidogo vijana juu ya chombo chenyewe. Tarumbeta limefanyizwa kwa shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Sauti yake haitoki katika shaba. Yatoka katika midomo ya mpigaji, ambayo hutetemeka anapoikaza na kupuliza, na lile bomba hukuza mtetemo huo. Bomba lisilo na kitu kingine, kama lile la askari la kuamsha kambi, hutoa sauti chache tu, ambazo mpigaji huzichagua kwa kukaza au kulegeza midomo. Ndiyo sababu miito ya kambini yote yafanana. Karibu na mwaka wa 1815 mafundi wa Kidachi walivumbua vizibo vya kubonyeza kwa vidole. Kila kizibo hufungua kipande cha bomba kilichokuwa kimefungwa. Bomba huwa refu zaidi, na sauti hushuka. Kwa vizibo vitatu mpigaji hupata sauti zote za wimbo. Kwa uvumbuzi huo, chombo kilichokuwa cha mabwana na majeshi kikaweza kufanyizwa kwa wingi katika viwanda na kununuliwa na watu wa kazi.

Jambo hilo lilitokea Uingereza kwenyewe kabla halijatokea kwetu. Katika miji ya viwanda na ya machimbo ya makaa ya mawe ya kaskazini, wafumaji na wachimbaji walianzisha bendi zao za shaba. Huko Queensbury katika Yorkshire, John Foster, mwenye kiwanda cha kufuma, aliwapa wafanya kazi wake ala na sare mwaka wa 1855, na bendi hiyo ya Black Dyke ingali yapiga. Mashindano makubwa ya bendi yalianza Belle Vue, Manchester, mwaka wa 1853, na mji ulioshindwa uliona uchungu mwaka mzima. Bendi ya machimbo ya Grimethorpe ilianzishwa mwaka wa 1917. Machimbo yalifungwa mwaka wa 1993, kazi ikaisha, lakini bendi haikufungwa. Wala hakuna mtu awaambiaye wachimbaji wale kwamba wanawaiga askari, ingawa sare zao na hatua zao zilitoka jeshini vile vile.

Turudi pwani. Katika miaka ya 1890 beni ilizaliwa Mombasa na Lamu. Ilikuwa miaka ya kutikisika. Mwaka wa 1895 Waingereza walitangaza himaya yao, na mwaka wa 1896 ujenzi wa reli ya Uganda ukaanza Mombasa. Utumwa nao ulikuwa wafa, lakini ulikufa polepole: sheria iliufuta Unguja na Pemba mwaka wa 1897, pwani ya Kenya mwaka wa 1907, na Tanganyika mwaka wa 1922 tu. Katika hali hiyo kila mtu mjini alikuwa akijiuliza, mimi ni nani sasa? Aliyekuwa bwana aliona ubwana wamponyoka. Aliyekuwa mtumwa aliambiwa u huru, lakini hakuonyeshwa mahali pa kuketi.

Vijana wakaunda vyama. Huyu ni Kingi, yule ni Skochi. Kingi ni mfalme; Skochi ni Waskoti, wale askari wa Uingereza wavaao sketi, na watu wa Skochi wakashona sketi kama zile wakatembea nazo njiani bila haya. Kila chama kilikuwa na tarumbeta zake, ngoma kuu, ngoma ndogo, na filimbi. Kilikuwa na mfalme, majenerali, makapteni, masajini, hata daktari. Walikwenda kwa safu, wakigeuka pamoja, wakipiga saluti, na nyuma yao umati wa mji. Jioni yake zilitungwa nyimbo za kuwaumbua wapinzani: nani ana sare iliyofifia, nani alialika watu mia na wali ukatosha hamsini tu.

Sasa ndipo nirudie neno la kuiga. Mtu aigaye hufuata alichokiona. Je, mji gani wa Uingereza uliwahi kuwa na wafalme wawili kwa siku moja, kila mmoja amewekwa na watu wake, na wote wawili wakilala mtaa mmoja? Jeshi gani la Kizungu lilishinda kwa kumlisha adui wali na nyama mpaka ashindwe kulipa? Vijana wa Lamu na Mvita walichukua vazi, cheo na tarumbeta, wakayatia ndani ya mashindano yao ya kale. Bunduki waliziacha. Na kwa maoni yangu kilichowavutia zaidi hakikuwa suruali wala kofia, bali kile kilichofungwa zamani katika siwa. Siwa haikununuliwa, ilikuwa ya ukoo. Tarumbeta lilinunuliwa dukani. Mwenye mapafu, subira, na fedha ya mchango aliweza kupata sauti ya shaba siku ya arusi yake, na katika beni aliweza kuitwa Jenerali. Sisemi kwamba ukoo ulisahauliwa. Wenye mali na majina walijitwalia vyeo vikubwa mahali pengi, na vyama vingine viliulinda ukoo kwa wivu. Lakini mlango ulikuwa umefunguka, hata kama ni kwa upana wa kiganja.

Upande wa kusini, chini ya Wadachi, mambo yalikwenda kwa namna yake. Shule ya Serikali ya Tanga ilikuwa na bendi ya wanafunzi wapigao ala za shaba, na Dar es Salaam kulikuwa na bendi ya askari. Beni za huko zilijulikana kwa majina mawili yaliyoenea nchi nzima: Marini na Arinoti. Marini jina lake latokana na mabaharia wa manowari, na kwa jumla lilivuta watu wa pwani na wale waliojihesabu kuwa wastaarabu, wenye kusoma na kazi za ofisini. Arinoti ilivuta zaidi watu wa kutoka bara na wafanya kazi wa mikono. Tena nasema kwa jumla, kwa maana kila mji ulikuwa na hesabu yake. Vyeo vyao vilifuata Serikali iliyokuwapo, na kwa hiyo huko hapakukosekana Kaizari.

Kisha ikaja vita ya 1914. Kwa miaka minne majeshi ya Waingereza, Wabelgiji na Wareno yalifukuzana na jeshi la von Lettow-Vorbeck, kutoka Tanga mpaka Msumbiji, na kutoka huko mpaka Rhodesia ya Kaskazini, ambako Wadachi waliweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Mizigo ya majeshi hayo ilichukuliwa vichwani na mabegani mwa watu. Wapagazi walikusanywa kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa njaa na kuhara na homa kuliko kwa risasi. Mtaa wa Kariakoo katika Dar es Salaam una jina la kikosi chao, na Kariokor ya Nairobi vile vile.

Watu hawa walitoka katika makabila yasiyojuana. Mtu wa Nyasa alilala karibu na mtu wa Tabora, na wote wawili wakauguzwa na mtu wa Mrima. Beni ilienea katika kambi hizo kama moto katika nyasi kavu. Sababu yake si muziki peke yake. Mtu aliyekuwa Marini alipofika mji mgeni, aliwauliza Marini wa huko, akapata mahali pa kulala. Akiugua, walimwangalia. Akifa, walimzika na kuchangia sanda. Mimi naona hilo ndilo jambo lililo kubwa katika historia nzima ya beni, na ni ajabu kwamba wale waliocheka sketi na kofia hawakuliona. Serikali ilimhesabu mpagazi kwa namba ya kibati alichovaa shingoni. Beni ilimhesabu kwa jina lake na cheo chake. Hata askari waliopigana pande mbili mbalimbali, vita ilipokwisha, walikutana katika chama kimoja.

Waliporudi makwao waliichukua beni pamoja nao, na hapo ikakutana na shida ya kawaida: bara hakuna duka la tarumbeta, wala fedha ya kulinunua. Watu wa pwani ya Ziwa Nyasa hawakushindwa. Walichukua kibuyu, wakakitoboa, wakaziba tundu moja kwa utando wa buibui, na mtu aliyeimba ndani yake sauti yake ikatoka na mlio wa shaba. Vibuyu vidogo viliimba kwa sauti ya juu, na vikubwa kwa sauti ya chini, hata bendi nzima ikakamilika bila shilingi moja kwenda dukani. Katika nchi ambayo leo ni Malawi ngoma hiyo yaitwa malipenga au mganda, na upande wa Tanzania watu wa Mbamba Bay waicheza mganda mpaka sasa, kwa kaptura nyeupe na safu zilizonyooka. Katika machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, Mbeni ilizaa kalela: ngoma zake zilikuwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe, na pamoja na wachezaji walikuwapo "daktari" mwenye kanzu nyeupe na "muuguzi" aliyewapitia kwa kioo na kitambaa ili wajiangalie na kujifuta jasho. Beni ilifika hata Elisabethville katika Kongo, mji uitwao leo Lubumbashi.

Serikali zilitazamaje? Zilicheka kwanza, kisha zikaogopa. Baada ya vita maofisa wa Kiingereza walifanya uchunguzi: hawa watu wenye vyeo vya jeshi, wanaoandikiana barua kutoka mji hata mji bila kupitia kwa mkuu wa wilaya, wana shauri gani? Wengine walidhani ni njama ya kuwaunganisha Waislamu juu ya Serikali. Njama haikuonekana. Lakini hofu haikuwa ya kipuuzi kabisa. Mnamo Mei 1935 kodi ya wafanya kazi wa machimbo ya Rhodesia ya Kaskazini ilipandishwa kutoka shilingi 12 na senti sita za Kiingereza hadi shilingi 15, na watu wakagoma Mufulira, kisha Nkana, kisha Roan Antelope kwenye mji wa Luanshya. Huko Luanshya askari walipiga risasi, watu sita wakafa. Tume iliyochunguza habari ile ilikitaja chama cha Mbeni miongoni mwa njia zilizosaidia kueneza mgomo. Basi ngoma iliyoitwa ya kuiga ilikuwa imewafundisha watu kukusanyika, kuchanga fedha, kuweka wakubwa na kupeleka habari mbali. Mtawala hana haja ya kuunda tume juu ya mchezo mtupu.

Haifai nikaisifu beni mno, nikaficha upande wake wa pili. Mashindano ya karamu yalikuwa mabaya. Chama kimoja kikichinja ng'ombe watatu, wapinzani walitaka kuchinja sita, na familia iliyokuwa na akiba ya ada au ya kutengeneza nyumba iliiona ikiishia katika masufuria. Masheikh waliikemea, na wamisionari nao waliikemea, mara nyingi kwa sababu zisizofanana. Katika Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanza gazeti la Sahifa mwaka wa 1930 na Al-Islah mwaka wa 1932, alipigana kwa kalamu na israfu ya namna hiyo, akiwataka Waislamu waweke fedha zao katika elimu ya watoto. Mimi niliye mwalimu siwezi kumpinga. Walakini mtu maskini ambaye hakuna baraza lililomkaribisha, mwambie kwamba sherehe ni hasara, naye atakuuliza: heshima niipate wapi kwa bei nafuu?

Wanawake wa Mombasa hawakukaa nyuma ya pazia wakisikiliza. Walikuwa na lelemama, ngoma ya vyama vyenye vyeo na mashindano kama ya wanaume, na katika miaka ya 1930 na 1940 vyama viwili, Ibinaal Watan na Banu Saada, viliugawa mji kwa ushabiki. Ndani ya vyama hivyo binti wa muungwana na mjukuu wa mtumwa waliweza kuimba katika safu moja, ingawa si kila mara kwa moyo mmoja.

Beni ilipungua nguvu kabla ya uhuru. Fedha ilikuwa haba katika miaka ya dhiki iliyoanza mwaka wa 1929. Vijana waliosoma walipenda dansi, wanaume na wanawake wakicheza wawili wawili kwa gitaa na saksofoni, na Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka wa 1932. Mpira wa miguu nao ulichukua sehemu yake. Young Africans ya Dar es Salaam ilianza mwaka wa 1935, na wapinzani wao, walioitwa Sunderland na baadaye Simba, mwaka wa 1936. Yeyote aliyesoma habari za Marini na Arinoti hatashangaa kuona mji mzima umegawanyika tena pande mbili, una sare mbili, una nyimbo za kuumbuana, na mtu akifiwa, mashabiki wenzake waja kuzika.

Lakini tarumbeta halikunyamaza. Unguja ingali na beni ya kingi, ambayo huongoza maandamano ya kufungua tamasha la Sauti za Busara, lililofanywa mara ya kwanza mwaka wa 2004. Na ina mbwa kachoka, beni ya mitaani ya kuchekesha, ambayo wachezaji wake huvaa mavazi ya mzaha katika arusi. Dar es Salaam waziita matarumbeta. Siku ya Jumamosi gari dogo la mizigo hupita Magomeni au Temeke polepole, nyuma yake wamekaa vijana sita au saba, mmoja na ngoma kuu, wengine na matarumbeta yaliyobonyea na kuunganishwa kwa risasi mara nyingi, wakimtangulia bibi arusi. Hakuna anayewauliza ukoo wao. Mwenye arusi huuliza bei, hupatana nao, na saa nane mchana wanaanza kupiga.